Kijiji Nilichokuandikia

Ngalula mwanangu,

Umetoka sasa hivi na shangazi yako Odia kwenda makaburini kumuaga mama yako, na nkambo wako, mama yangu, amelala baada ya kunywa uji. Nina saa mbili, labda tatu, kabla hamjarudi. Mambo ya safari yenyewe, blanketi gani ubebe na chumvi uifunge wapi, shangazi yako anayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayagusa. Nataka kujibu swali ulilonipa mwaka jana, ulipokuwa darasa la sita la sekondari, nami nikakucheka.

Ulikuwa umekaa hapo mlangoni unachambua majani ya sombe, daftari la filozofi limefunguliwa juu ya goti. Ukaniuliza kwa nini watu wanafanya falsafa: "Tata, batu banafanyaka filozofi juu ya nini?" Mimi nimetoka kazini, kichwa kinaniuma, nikakujibu kwamba huo ni mchezo wa watu walioshiba, na kwamba wewe maji bado hujachota. Ulicheka kwa adabu, ukainuka, ukachukua ndoo. Basi, yakaisha. Leo nakwambia jibu lile lilikuwa la kipumbavu, na aliyelitoa alikuwa mpumbavu mwenye kalamu na meza ya kampuni ya watu wengine. Wapumbavu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa, kwa sababu makosa yao yanapigwa muhuri.

Nakuandikia Kiswahili cha shule, kile mapadri walichonifundisha kule kaskazini, si hiki tunachosema nyumbani. Cha nyumbani kikinitoka nitalia, na leo sitaki kulia. Leo nina hasira, na nataka ikae kwenye mistari iliyonyooka ili uweze kuisoma.

Mwalimu wenu aliwaambia kwamba falsafa inaanza na mshangao. Ulinisomea hata ule mfano wake: mtu anatazama nyota, anajiuliza zimetoka wapi, ndiyo anaanza kufikiri. Sikatai. Pengine ziko nchi ambako watu wana nafasi ya kutazama nyota. Sisi hapa Kolwezi tumeingilia mlango mwingine. Sisi tumeumizwa na neno. Neno lenyewe ni asili. Kila mtu analo mdomoni siku hizi, mwenye shule na asiye na shule, padri na mlevi. Kwa neno hilo kesho asubuhi mnapandishwa kwenye mabehewa. Na hebu mwulize yeyote kati ya hao wanaopuliza filimbi stesheni, asili ni kitu gani? Atakutazama kana kwamba umemtukania mama yake.

Falsafa ninayoijua mimi inaanzia hapo. Ni kusimama mbele ya neno ambalo kila mtu amelizoea na kukataa kuliacha lipite mpaka lijieleze lina maana gani. Watu wanafanya falsafa kwa sababu neno ambalo halijaulizwa linaweza kuingia nyumbani kwako likamtoa mtoto wako. Sikuyasoma haya popote. Nayajua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naliacha lipite hilo neno, miaka na miaka, kwa mkono huu unaoandika.

Unajua kwamba mimi ni karani katika biro ya wafanyakazi wa kampuni ya machimbo. Namna kazi yenyewe ilivyofanyika sikukusimulia hata siku moja, maana niliona haina cha kusimulia. Kila mfanyakazi alikuwa na fishi yake, karatasi ngumu ya manjano: jina, mke, watoto, namba ya nyumba ya kambi. Bila fishi hupati unga wa mwezi, mtoto haingii shule ya kampuni, mgonjwa hapokelewi. Katikati ya fishi kulikuwa na mstari umeandikwa kijiji cha asili. Wazungu ndio waliouweka, wakaondoka, nasi tukauacha palepale kama vile ulikuwa amri ya Mungu. Mstari ule haukuruhusiwa kubaki wazi. Ukipeleka fishi yenye pengo, shefu anakurushia mezani mbele ya watu.

Waliotoka vijijini hawakunisumbua. Tabu yangu ilikuwa watu wa kambi. Mtu kazaliwa hospitali ya kampuni, kabatizwa kanisa la kambi, kaoa binti wa nyumba ya tatu kutoka kwao, sasa anasimama mbele yangu na kofia ya kazi mkononi. Namwuliza kijiji cha asili. Anasema Kolwezi. Namwambia Kolwezi si kijiji cha mtu, Kolwezi ni kazi. Nilipenda sana kusema hivyo, foleni nzima ilikuwa inacheka, nami nikajiona mwenye akili. Namwuliza, kijiji cha baba yako je? Naye alizaliwa hapa. Cha nkambo wako, baba wa baba yako? Huyo alikuja na treni zamani watu walipoandikishwa kazi, akafa bila kusema, au alisema lakini sisi tulikuwa watoto, hatukushika. Foleni ndefu, bati linawaka jua, na mstari haubaki wazi.

Sasa sikiliza nilichofanya, wala hakuna aliyenituma. Nyuma ya kiti changu kulikuwa na ramani ya reli, imetundikwa ukutani, stesheni zote kutoka huku kwetu mpaka Kasai. Nilikuwa nageuka, naitazama, nachagua. Jina la mtu likinisikikia la Kasai, namwandikia Luputa. Nikiona wiki hiyo nimeandika Luputa mara nyingi, namwandikia mwingine Mwene-Ditu, ili fishi zisifanane mno. Wino unakauka, mtu anatoka na kijiji. Wengine walinishukuru. Mmoja alinishika mkono wa kuume kwa mikono miwili, eti nimemsaidia kujua kwao.

Mutombo, tata wako wa damu, alikuwa mmoja wa hao. Nilimwandikia fishi wakati bado kijana, hajamwoa mama yako. Alizaliwa kambini, baba yake alizikwa kambini, hakujua neno moja la kijiji. Nikageuka ukutani. Luputa.

Alipokufa shimoni, mwamba ukiwa umemwangukia yeye na wenzake, wewe hujatimiza miaka miwili. Habari hiyo mama yako alikusimulia mwenyewe, na unajua jinsi nilivyomwoa na jinsi watu wangu wa kaskazini walivyopiga kelele. Jambo moja hakukusimulia, kwa sababu alikuwa mwanamke wa heshima na hakutaka kunivunja mbele yako. Siku nilipoleta nyumbani fishi mpya ya familia, nikuandike chini ya jina langu, nilikaa mezani na kalamu, naye alikuwa anaosha sahani. Nilipofika kwenye ule mstari akafuta mikono, akaja akasimama nyuma yangu. Akasema niandike Kolwezi. Kama Kolwezi haikubaliwi, niandike kijiji changu mimi, maana mimi ndiye nitakayekulea. Nikamwambia haiwezekani, mtoto anafuata asili ya baba yake. Akaniuliza hivi, na nayaandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Asili njo kitu gani? Njo fasi mutoto anazaliwa, ao njo fasi banamukomalishia, ao njo fasi weye unapenda kuandika?"

Mama yako alisoma miaka minne ya shule ya msingi. Hakuona kitabu cha falsafa maishani mwake. Lakini alinyoosha swali lenyewe mezani kwangu, sehemu tatu safi, mahali pa kuzaliwa, pa kulelewa, pa kuandikwa, na mikono yake bado ina maji ya sahani. Mimi mwenye diploma nikamjibu kwamba mambo ya biro hayajui. Siku mbili hakula nami. Bukari na mboga alipika, akaweka mezani, akaenda kukaa nje.

Nikaandika Luputa. Nilitoa fishi ya zamani ya Mutombo, nikaitazama, nikanakili. Elewa vizuri, Ngalula. Nilikuwa najua kwamba ile Luputa niliitoa ukutani mimi mwenyewe. Lakini kuiona imeandikwa, ina muhuri, ina miaka yake kadhaa, ikawa imegeuka kuwa kitu cha kweli hata machoni pangu. Uongo wangu wa kwanza ndio ukawa shahidi wa uongo wangu wa pili.

Na kwa nini sikukuandika kwetu? Nimejificha nyuma ya sheria kwa muda mrefu, lakini sheria haikunizuia. Wako makarani wenzangu waliowaandika watoto wa wake zao hivyo, na hakuna aliyewauliza. Mimi nilitaka ibaki alama. Nilitaka pawe na mstari mmoja mahali fulani unaoonyesha kwamba wewe ni mtoto wa mwenzangu na kwamba mimi ni mtu mwema niliyekupokea. Ningekuandika wangu kabisa, wema wangu ungepotea, hakuna ambaye angeuona. Ndiyo hivyo. Nimeona haya kuandika sentensi hiyo kuliko nyingine zote humu, na nimeiandika.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako. Mashimo yakaanza kuporomoka, mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine, unga wa kampuni ukakoma, mama yako akaugua wakati ambapo hospitali ilibaki na vitanda tu. Kilichobaki Kingamyambo, jaa la kampuni, ni lile lundo la mchanga na vumbi lake. Watu wenye njaa walitaka kujua nani kawafikisha hapo, na hilo ni swali zuri, swali la haki kabisa. Lakini lilipewa jibu kabla halijamaliza kuulizwa. Wakaambiwa ni watu wa Kasai waliomeza kazi zote. Wakawaita bilulu, wadudu, wakasema warudishwe kwao kwa treni. Mtu mzima, mwenye watoto, anamwita jirani yake mdudu halafu Jumapili anapokea ekaristi. Nami niliposikia filimbi za vijana wanaowafukuza zinapita kambini mara ya kwanza nilifunga dirisha, nikakwambia usiende kwaya wiki hiyo, mambo ya siasa huwa yanapoa. Nilidhani hayanihusu. Mimi mtu wa kaskazini ya mkoa huu huu, Mkatanga halisi, nani ataniuliza?

Hebu tufikiri kidogo juu ya huyo Mkatanga halisi, maana wiki hizi tatu nimemzungusha kichwani mpaka nimechoka naye. Mimi nilishuka hapa Kolwezi kutoka kwenye treni, kijana, na sanduku limefungwa kamba. Hakuna mzee wangu hata mmoja aliyelala kwenye udongo huu. Nilipofika, baba yake Mutombo alikuwa ameshachimba hapa mpaka mgongo umepinda. Kwa hiyo kama mwenye nchi ni aliyetangulia kufika, basi yeye alinitangulia. Kama ni aliyezaliwa hapa, wewe umezaliwa nyumba nne kutoka tulipo, na mimi sikuzaliwa hapa. Kama ni anayesema lugha ya hapa, wewe unaisema kuliko mimi, mimi bado mnanicheka. Kama ni wale waliokuwepo kabla ya shimo la kwanza, basi waitwe Walunda waamue, mbona hakuna aliyekwenda hata kwao Sandoa kuwauliza? Nimejaribu kila kipimo. Hakuna hata kimoja kinachonibakiza mimi na kukutoa wewe. Hakipo. Kipo kimoja tu, nacho ni fishi ya manjano.

Na hicho ndicho alichokuja nacho Kabwe.

Kabwe unamjua, fundi umeme wa mtaa wa pili, anaimba besi kwenye kwaya yenu. Wiki tatu zilizopita, mchana, wewe umeenda sokoni, alikuja na wanaume wawili na orodha. Hakukaa. Akaniambia jina lako limo. Nikamkasirikia, nikamwuliza amejuaje kwamba wewe ni mgeni, yeye aliyekuona ukipokea komunyo mara ya kwanza. Akakunjua karatasi moja, nakala ya fishi yetu, akaweka kidole. Sikia alivyoniambia, na hakuwa na ubaya usoni, alikuwa kama mtu anayetafuta msaada:

"Tata Ilunga, haya ni maandiko yako. Kama ni bongo, useme sasa. Mi nitafuta, hakuna mutu atajua."

Niseme ni uongo, naye afute tu. Alikuwa na kalamu mfukoni, niliiona. Na mimi nikafikiri haraka, kwa ile akili yangu ya biro. Nikisema hii ni ya uongo, watauliza ngapi nyingine ni za uongo. Kazi itakwenda, nyumba ya kambi itakwenda, na nkambo wako asiyeweza hata kugeuka kitandani nitamlaza wapi? Nikamjibu: "Ni maandiko yangu." Basi. Sentensi ya kweli, kila neno lake kweli, na ndiyo iliyokuuza. Akakunja karatasi, akaaga, akaondoka. Uliporudi sokoni nikakwambia kwamba Kabwe alikataa kunisikiliza. Hapana. Alinisikiliza.

Angalia basi jinsi wanavyojua hayo wanayoyajua. Ukimwuliza Kabwe amejuaje, atasema imeandikwa kwenye orodha. Orodha imejuaje? Imenakiliwa kutoka kwenye fishi. Fishi imejuaje? Imeandikwa na karani. Na karani amejuaje? Amegeuka akatazama ukuta. Watu maelfu wanalala stesheni na watoto wao juu ya mifuko kwa ajili ya elimu ya namna hiyo. Wote wana uhakika. Hakuna aliyefuata ile kamba mpaka mwisho wake, na mwisho wake nilikuwa nimekaa mimi, nimenyamaza. Mwalimu wenu aliwaeleza kwamba kuamini na kujua ni vitu viwili. Nilikusikia ukikariri, nikaona ni maneno ya kupitia mtihani.

Sasa nafika kwenye jambo lililonilazimisha kuandika, na ningeweza kulianza nalo kama ningekuwa na moyo.

Shangazi yako Odia alipofika kutoka Mutshatsha, ameacha magunia yake yote ya makaa kwa watu waliomfukuza, aliniomba fishi. Hajui kusoma. Akaniuliza neno lenyewe liko wapi, nikamwonyesha, akapitisha kidole juu yake taratibu. Akasema: "Aksanti, Tata Ilunga. Baba yetu alikufa bila kutuambia kwetu ni wapi. Weye njo ulitutunzia." Tangu siku hiyo Luputa anaiita kwetu. Amewaambia wanawake wenzake wa stesheni kwamba wao wana shida, lakini yeye na mtoto wa kaka yake watapokelewa, kuna ukoo. Nimemsikia akipanga kutafuta mzee wa jina la baba yake, apige goti, aseme tumerudi. Nimekula naye meza moja siku tisa. Mara tatu nimefungua mdomo, na mara zote tatu nimemwomba anipitishie chumvi.

Luputa hakuna mtu anayewangoja. Hakuna ukoo, hakuna mzee, hakuna kaburi la babu. Ndugu zenu wa kweli inawezekana wako, inawezekana hawako, wanaweza kuwa stesheni yoyote au mbali kabisa na reli. Mimi sijui, na sikujua kamwe. Mwambie Odia kabla treni haijaondoka. Kama huwezi, mpe barua hii mtu amsomee, au uniite nije niseme mbele yenu wote wawili. Nitakuja, ijapokuwa nimechelewa. Msishuke Luputa kwa sababu yangu. Shukeni pale mtakapoona panafaa, penye parokia, penye maji, penye watu wanaowatazama usoni. Mchague wenyewe. Katika familia yenu hakuna aliyewahi kupewa nafasi ya kuchagua mahali. Babu yako alichaguliwa mahali na kampuni, nyinyi mkachaguliwa na karani.

Nisikufiche na ya jana. Nilikwenda kwa shefu wangu, nikamwambia fishi nyingi za kambi ni za uongo na mimi ndiye niliyetunga. Nilifikiri atapiga kelele. Hakupiga. Aliniambia nimechoka, kwamba kilichoandikwa kimeandikwa, na kwamba nikisahihisha moja watakuja elfu. Kisha akanisogezea karatasi nyeupe. Orodha ya treni ijayo. Alitaka niiandike mimi kwa sababu wengine wana mwandiko mbaya. Nikamwuliza lile swali la mama yako, miaka kumi na saba baadaye: shefu, asili ni kitu gani? Akagonga ile karatasi. Akasema: "Andika." Nikaweka kalamu mezani, nikatoka. Usinipigie makofi. Kazi imekwisha, nyumba hii tutaihama, na orodha inaandikwa hivi sasa na mtu mwenye mwandiko mbaya. Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwa Kabwe nikamwambia ukweli. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wake, akashika kichwa. Orodha imeshatoka mikononi mwake, hawezi tena kufuta. Akasema tu kwamba siku ile aliniuliza.

Kwa hiyo swali lako la mlangoni, Ngalula, hili ndilo jibu langu. Mtu aliyeshiba anaweza kukaa bila kuuliza, dunia itamvumilia. Anayehitaji kuuliza ni yule ambaye jina lake linaandikwa na wengine. Na anayehitaji zaidi, lakini hajui, ni yule anayeandika. Kama ningejiuliza siku moja tu, foleni ikangoja, shefu akanirushia fishi, nikaiacha ile nafasi tupu, leo ungekuwa unanisumbua na habari za chuo. Haingehitaji ushujaa. Ingehitaji dakika moja ya kukubali kwamba sijui.

Utakasirika. Kasirika. Usiniletee ule upole wa mama yako, sistahili. Na usinisamehe kwa haraka kwa sababu ni desturi kumsamehe mzazi kabla ya safari. Kaa na jambo lenyewe, uliulize huku na huku, uniandikie maswali yako hata yakiwa makali. Nitayajibu moja moja. Ningekuja nanyi, nkambo wako habebeki, umeona, na Odia mwenyewe aliniambia nisimwache mama yangu afe peke yake. Safari njema siwezi kukuambia. Hiyo huambiwa mtu aliyetaka kusafiri.

Huko mtakakoshuka kutakuwa na karani. Wapo kila mahali. Atakuwa na meza, daftari, foleni nyuma yenu, na atakuuliza bila kuinua kichwa: unatoka wapi? Usimpe Luputa yangu. Mwulize kwanza anataka kujua kwa nini. Akifoka, ngoja. Watu wa nyuma wakinung'unika, ngoja. Siku atakapoinua macho kwenye karatasi yake akakutazama, mwambie jina lako, umwambie la mama yako na la Mutombo. Halafu, kama baada ya kusoma haya bado unalitaka, umwambie na langu.

Ilunga